Utafiti mpya umetoka: hatua za kufuata kabla hujabadili dawa ya mgonjwa

Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la madaktari. Ni picha ya ukurasa wa kwanza wa jarida, mstari mmoja umepakwa rangi ya njano: dawa fulani imepunguza vifo kwa robo. Chini yake vidole gumba vinajipanga. Asubuhi kwenye raundi dawa zimeshaanza kubadilishwa, na ukiuliza nani ameusoma utafiti wenyewe, kila mtu anamtazama mwenzake.

Nimewahi kuwa mmoja wa waliobadilisha dawa kwa namna hiyo, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Nawaandikia wanaoandika dawa: daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, tabibu wa kituo cha afya, daktari wa wodi ya magonjwa ya ndani asiye na bingwa wa kumpigia simu usiku. Mwongozo wa taifa wa matibabu unabaki palepale. Hatua hizi ni za pale utafiti mpya unapogongana na ulichozoea, au mwongozo unapokuachia uchague mwenyewe.

Twende na mgonjwa mmoja mkononi. Mama wa miaka 54, muuza samaki. Presha yake ni 168/102 baada ya kupumzika. Anameza haidroklorothiazaidi, dawa ya presha, miligramu 12.5 kila asubuhi, yaani nusu ya kidonge cha 25. Hana kisukari, figo zake nzima, hajawahi kupata kiharusi. Anahitaji dawa ya pili. Ipi?

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla hujafungua utafiti

Kwenye karatasi andika mambo manne. Mgonjwa wangu ni nani? Nataka kumpa nini? Nisipompa hicho, ningempa nini? Na nataka apate nini, au aepuke nini? Kwa mama huyu: mwanamke Mwafrika mwenye presha isiyoshuka kwa dawa moja; nimwongezee amlodipini; au nimwongezee dawa ya kundi la perindoprili; ili presha ishuke na asije akapooza.

Inaonekana kazi ya darasani, lakini utafiti huja na swali lake, na usipokuwa na la kwako utatoka umebeba la watu wengine.

Ukishaandika, unajua pa kutafuta. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio liitwalo CREOLE. Lilichukua watu weusi 728 katika nchi sita za Afrika: Kamerun, Kenya, Msumbiji, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Wote presha yao ilikuwa juu ama bila dawa, ama wakiwa kwenye dawa moja tu. Wastani wa umri ulikuwa miaka 51, na asilimia 63 walikuwa wanawake. Mama yetu angeweza kabisa kuwa mmojawao. Waligawiwa jozi tatu za dawa: amlodipini na haidroklorothiazaidi, amlodipini na perindoprili, au perindoprili na haidroklorothiazaidi. Baada ya miezi sita, jozi zote mbili zenye amlodipini zilikuwa zimeshusha presha ya juu (ile namba ya kwanza), ikipimwa kwa saa 24, kwa takriban milimita 3 zaidi ya jozi isiyo nayo.

Usikimbilie kuandika dawa. Bado kuna maswali.

Hatua ya 2: Hakikisha wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu

Tafuta sentensi inayosema mgonjwa aliingiaje kundi hili au lile. Kama ilikuwa bahati nasibu, mfano wa kupiga kura, endelea. Kama daktari ndiye aliyechagua, au kama wagonjwa wa mwaka huu wamelinganishwa na wa mwaka jana, weka kalamu chini.

Hadithi ya vitamini C inafundisha hili vizuri. Mwaka 2017 ilitoka taarifa kutoka Norfolk, Virginia, Marekani. Wagonjwa 47 wa sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoangusha viungo vya mwili, walipewa vitamini C ya mshipani pamoja na thiamini na haidrokotisoni, wakalinganishwa na wagonjwa 47 waliotibiwa kabla mchanganyiko huo haujaanza kutumika. Waliofariki walikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 40.4. Ukiona namba kama hizo unataka kukimbia dukani. Dunia nzima watu walianza kuitumia, kwani vitamini ina ubaya gani? Mwaka 2022 jaribio la LOVIT likagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 872 wa sepsisi waliokuwa chumba cha mahututi, nusu wakapewa vitamini C, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Waliofariki au viungo vyao kuendelea kushindwa siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa wenye vitamini, na 38.5 kwa wasiopewa. Kilichoonekana muujiza kiligeuka kuwa madhara.

Hatua ya 3: Uliza wagonjwa walikuwa nani, na walilazwa wapi

Kama una muda wa hatua moja tu, iwe hii.

Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit, Marekani, ilichapisha jaribio la wagonjwa 263 wenye sepsisi kali. Waliotibiwa kwa utaratibu maalumu ndani ya saa sita za kwanza, kwa maji mengi ya mshipani, dawa za kupandisha presha, damu pale ilipohitajika na vipimo vya kila mara, walifariki asilimia 30.5. Waliotibiwa kwa kawaida walifariki asilimia 46.5. Utaratibu huo ukasambaa duniani. Wengi wetu tulifundishwa kwa roho yake: sepsisi ni maji, tena haraka, tena mengi. Majaribio makubwa ya 2014 na 2015 ya Marekani, Australia na Uingereza hayakuona tena faida ile, lakini mazoea yalishaota mizizi.

Sasa njoo Lusaka, Zambia. Katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, kati ya 2012 na 2013, watafiti walichukua wagonjwa 212 wazima wenye sepsisi na presha ya chini. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa na VVU. Wastani wa umri ulikuwa chini ya miaka 40. Kundi moja lilipewa utaratibu wa maji ya haraka, dopamini ya kupandisha presha, na damu; jingine likatibiwa kwa uamuzi wa madaktari wa wodi kama siku zote. Kwenye saa sita za kwanza kundi la utaratibu lilipata takriban lita 3.5 za maji, jingine lita 2. Matokeo yalichapishwa 2017: kundi la utaratibu walifariki hospitalini asilimia 48.1, na la kawaida asilimia 33.0.

Soma tena namba hizo. Katika kila wagonjwa mia, kumi na watano zaidi walifariki kwenye kundi lililopewa tiba iliyodhaniwa kuwa bora.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 jaribio la FEAST lilichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliopewa maji ya mkupuo walifariki ndani ya saa 48 asilimia 10.6 kwa maji ya albumini (protini ya damu) na 10.5 kwa maji ya chumvi. Wasiopewa mkupuo walifariki asilimia 7.3. Wengi walidhani sababu ni maji kujaa kwenye mapafu au ubongo, lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka.

Sisemi usitoe maji. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka anahitaji maji, na anayahitaji sasa hivi. Ninachosema ni kwamba tiba ya Detroit ilijaribiwa kwenye hospitali yenye mashine za kupumulia, kwa watu wenye miili na magonjwa tofauti na ya kijana mwenye VVU, kifua kikuu na damu pungufu. Kila namba ina kwao.

Kwa vitendo, fanya hivi. Nenda kwenye jedwali la kwanza la utafiti, lile linaloeleza washiriki. Lisome ukiwa na mgonjwa wako kichwani: umri, jinsia, magonjwa mengine, dawa walizokuwa wanatumia tayari, wodi waliyolazwa. Kisha tafuta aya inayotaja waliokataliwa kuingia. Watu wengi huiruka, na mara nyingi mgonjwa wako amejificha humo.

Usije lakini ukaanza kukataa kila utafiti wa ng'ambo. Uliza hivi: kuna kitu gani kwenye mwili wa mgonjwa wangu, au kwenye wodi yangu, kinachoweza kugeuza matokeo? Kwa maji ya sepsisi, vipo vingi. Kwa dawa nyingine utatafuta usikione, na hapo utafiti wa Uingereza unakuhusu sawasawa.

Hatua ya 4: Angalia dawa ilishindana na nani

Dawa ikishindana na kidonge kisicho na dawa, kushinda kwake hakukuambii kama inaipita ile unayoitumia. Ikishindana na tiba bora iliyopo, hata sare inaweza kuwa habari njema.

Homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, ile inayoletwa na fangasi, ndipo sare ilipobadili tiba. Aliyefanya kazi wodini anaijua amfoterisini ya zamani: siku saba za dripu, mgonjwa akitetemeka kitanda kinagonga ukuta, potasiamu inashuka, kreatinini (kipimo cha figo) inapanda, damu inapungua, na mshipa wa mkono umeshakuwa mgumu kama kamba siku ya nne. Mwaka 2022 jaribio la AMBITION lilitoa matokeo kutoka Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kundi moja lilipata tiba iliyokuwa ikipendekezwa na Shirika la Afya Duniani wakati huo, ile ya siku saba za amfoterisini na flusitosini, ikifuatwa na flukonazoli. Jingine lilipata amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Kufikia wiki ya kumi, walifariki asilimia 24.8 kwenye dozi moja na 28.7 kwenye siku saba. Madhara makali yalikuwa asilimia 50.0 dhidi ya 62.3.

Swali la jaribio hili lilikuwa «je, dozi moja si duni?». Watafiti walijiwekea mpaka kabla ya kuanza: dozi moja isizidishe vifo kwa zaidi ya watu 10 katika kila mia. Ukikutana na utafiti wa aina hii, utafute mpaka huo, ujiulize kama wewe mwenyewe ungeukubali. Mpaka mpana mno unaweza kupitisha dawa mbovu. Hapa matokeo hayakuukaribia, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hiyo. Kwa nesi wa zamu, ni usiku mmoja wa kukaa na dripu badala ya saba.

Hatua ya 5: Angalia ni kitu gani kilihesabiwa mwishoni

Vifo, kiharusi, kulazwa, kuacha kutembea: hivi mgonjwa anavihisi. Namba za maabara na mistari ya kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni sisi tu tunaoziona, na wakati mwingine hutudanganya.

Miaka ya themanini madaktari waliamini kwamba mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio baada ya shambulio la moyo yakinyamazishwa, watu watapona. Enkainidi na flekainidi zilinyamazisha mapigo hayo vizuri sana. Lilipofanyika jaribio la CAST, kati ya wagonjwa 755 waliomeza dawa walifariki 63, na kati ya 743 waliomeza kidonge kisicho na dawa walifariki 26. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa 1989. Mapigo yalikuwa mazuri, wagonjwa wakafa.

Rudi kwa mama yetu. CREOLE ilihesabu presha, haikuhesabu kiharusi. Kwa presha nina amani zaidi kuliko kwa ECG, maana majaribio mengi ya miaka mingi yameonyesha kwamba presha ikishuka, kiharusi nacho hupungua. Lakini najua ninachokopa, na ninakopa kutoka wapi.

Angalia pia kilipimwaje. Jaribio la SPRINT la mwaka 2015, lenye watu 9,361 nchini Marekani, lilionyesha kwamba kulenga presha ya juu iwe chini ya 120 badala ya chini ya 140 kulipunguza matatizo ya moyo na mishipa kwa robo, na vifo pia. Presha ile ilipimwa kwa mashine ya kujiendesha, mtu akiwa ameketi kimya dakika tano. Linganisha na mama aliyefika saa kumi na moja alfajiri kushika foleni, akapanda ngazi, akafungwa kitambaa cha mashine juu ya mkono wa gauni huku akijibu maswali ya kadi ya bima. Hiyo 150 yake haifanani na 150 ya SPRINT. Ukimfukuzia 120 kwa kipimo cha namna hiyo, utamwangusha bafuni.

SPRINT pia haikuchukua wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi. Kwa wenye kisukari ilibidi swali liulizwe upya: jaribio la BPROAD la China, lenye watu 12,821, lilichapishwa 2024 na kuonyesha kuwa lengo hilo la chini liliwasaidia pia, kwa kupunguza matatizo kwa takriban asilimia 21. Miaka tisa ilipita kati ya utafiti mmoja na mwingine. Aliyekuwa akiisukuma SPRINT kwa wenye kisukari katika miaka hiyo alikuwa anabahatisha, hata kama baadaye aliangukia upande sahihi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya watu mia

«Imepunguza kwa asilimia 26» ni maneno ya kwenye tangazo. Usiyabebe hivyo hadi kitandani kwa mgonjwa. Chukua asilimia ya kundi moja, toa ya jingine.

DAPA-HF, mwaka 2019: wagonjwa 4,744 ambao moyo wao husukuma damu kwa udhaifu, wengi wakiwa tayari wanatumia dawa nyingine nzuri za moyo. Moyo kuzidiwa au kifo cha moyo na mishipa kilitokea kwa asilimia 21.2 ya wasiopewa dapagliflozini, na asilimia 16.3 ya waliopewa, katika miezi kama 18. Toa: 4.9. Gawa 100 kwa 4.9 upate kati ya 20 na 21. Maana yake, ukiwatibu watu 21 kwa mwaka mmoja na nusu, mmoja anaepushwa. Ni matokeo mazuri. Lakini sasa unaweza kumwambia familia ukweli wanapokuuliza kama inafaa kuuza mbuzi ili wainunue. Na kama mgonjwa hajaanzishiwa hata zile dawa za msingi za bei nafuu, unajua pa kuanzia.

Hesabu hiyohiyo huonyesha dawa inamfaa nani na haimfai nani. Tarehe 16 Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza matokeo ya deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku hadi siku kumi, kwa waliolazwa kwa UVIKO-19. Walikuwa watu 6,425. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vya siku 28 vilikuwa 41.4 bila dawa na 29.3 kwa dawa: tofauti 12.1, unaokoa mmoja katika kila wanane au tisa. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu: 26.2 na 23.3, mmoja katika kila 35 hivi. Kwa waliokuwa hawahitaji oksijeni: 14.0 bila dawa na 17.8 kwa dawa. Hapo hakuna faida.

Kundi hilo la mwisho lina namba mbili za mpaka, ambazo utazikuta kwenye mabano pembeni ya matokeo: 0.92 hadi 1.55. Zisome hivi: 1 maana yake dawa haikuleta tofauti, na ukweli unaweza kuwa popote kuanzia kupunguza vifo kwa asilimia 8 hadi kuviongeza kwa asilimia 55. Mpaka unaopita juu ya 1 na kuegemea upande wa hatari ni onyo. Nakumbuka watu waliokuja wodini wakati ule wakiwa na vidonge vya deksamethasoni mfukoni, wamevinunua duka la dawa kwa kikohozi na homa, wakipumua vizuri kabisa. Mmoja alikuwa na kisukari. Sukari yake ilikuwa imepanda hadi mashine ikashindwa kuisoma, ikaandika neno tu badala ya namba. Habari ilikuwa ya kweli. Ilimfikia mtu asiyekuwa wake.

Hatua ya 7: Soma madhara, kisha uliza kama utayaona yakija

Mwaka 1999 jaribio la RALES lilionyesha kuwa spironolaktoni, dawa inayoweza kupandisha potasiamu, ilipunguza vifo vya wagonjwa wenye moyo dhaifu sana kutoka asilimia 46 hadi 35. Ni faida kubwa, na dawa ni ya bei nafuu. Huko Ontario, Kanada, madaktari waliipokea kwa mikono miwili. Kisha watafiti wakaangalia kumbukumbu za hospitali za wazee waliokuwa kwenye dawa za moyo: kulazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda kulitoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001, na vifo vyake kutoka 0.3 hadi 2.0.

Dawa ni ileile. Tofauti ni kwamba RALES iliwakataa wenye figo mbovu na potasiamu iliyozidi 5.0, dozi ilikuwa ndogo, wastani miligramu 26, na damu ilipimwa mara kwa mara. Mtaani mambo hayo hayakufuatwa.

Kwa hiyo kila ukiandika dawa mpya, jibu kwa maandishi: madhara yake makubwa ni yapi, kipimo gani kinayaonyesha, mashine ya kipimo hicho inafanya kazi leo hapa kwetu, na mgonjwa atarudi lini. Kama maabara haijapata kemikali za kupimia potasiamu kwa miezi miwili, sehemu ya tiba iliyojaribiwa kule haipo hapa. Punguza dozi, chagua dawa nyingine, au mpeleke akapimwe kwingine kabla hujaanza. Usianze ukiwa na matumaini tu.

Hatua ya 8: Uliza kama itapatikana mwezi wa tatu

Hatua fupi. Mpigie mfamasia kabla hujaandika. Dawa ya presha ya mwezi mmoja haina maana. CREOLE ilitumia perindoprili. Kama stoo kuna enalaprili au losartani tu, jua kwamba hizo hazikuwa kwenye jaribio hilo, ingawa kazi yake inafanana. Amlodipini na haidroklorothiazaidi zimo kwenye jaribio, na kwa kawaida ni miongoni mwa dawa za presha za bei rahisi. Kwa mama anayelipa kutoka kwenye faida ya samaki, hilo lina uzito.

Hatua ya 9: Mwambie mgonjwa, andika kwenye faili

Mazungumzo yangu na mama huyo yalikwenda hivi.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba mwanangu.»

«Mama, ile dawa peke yake imeshindwa kuishusha presha. Nataka nikuongezee nyingine, inaitwa amlodipini. Hizi mbili pamoja zimejaribiwa kwa watu wa huku kwetu Afrika, Kenya na Uganda wakiwemo, na zimeshusha presha vizuri.»

«Ina ubaya gani?»

«Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ikikuvimbisha usiiache kimyakimya, njoo unionyeshe.»

«Nikizimaliza si ndiyo nimepona?»

Swali hilo halimo kwenye jedwali lolote, na usipoulizwa, liulize wewe. Nikamweleza kwamba vidonge vya mwezi vikiisha ugonjwa unabaki, kwamba anachukua vingine kabla havijaisha, hata akijisikia mzima, hata siku za kufunga, ambapo anaweza kumeza wakati wa daku au baada ya kufuturu. Hapo ndipo alipotoa simu akamwita binti yake aje asikilize.

Kwenye faili niliandika: presha 168/102, ameketi, mkono wa kushoto, kipimo cha pili. Haidroklorothiazaidi 12.5 inaendelea, amlodipini 5 imeongezwa. Sababu: jozi yenye amlodipini, wagonjwa wanaofanana naye. Kinachoangaliwa: vifundo, kizunguzungu, sodiamu na potasiamu. Kurudi baada ya wiki nne. Ikibaki juu kufikia miezi miwili, dozi zote mbili ziongezwe maradufu, kama ilivyofanyika kwenye jaribio.

Akirudi, mwambie nesi asimpime mlangoni. Aketi kwanza dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono mtupu juu ya meza, bila mazungumzo. Apimwe mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe.